Siku Moja Kando ya Maji ya Njombe: Mpango kwa Familia



Ndugu msomaji, likizo ya mwezi wa Juni inapokaribia, familia nyingi za Kiislamu huanza kuhesabu nauli. Kwa wengi wetu safari ya familia huwa na sababu tatu: harusi, msiba, au kumzuru mgonjwa. Ni nadra baba, mama na watoto kufunga safari kwa nia ya kupumzika pamoja na kuutazama ulimwengu alioumba Mola wao. Na hata safari hiyo inapopatikana, mara nyingi mama hulihamisha jiko lake kutoka Temeke hadi ukweni, akarudi amechoka kuliko alivyoondoka, wakati wengine wanasimulia jinsi walivyostarehe.

Qur'ani Tukufu, katika sura ya Al-Ankabut na nyinginezo, inatuhimiza tutembee katika ardhi na tutazame jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanza kuumba. Agizo hilo halikuwekwa kwa ajili ya wafanyabiashara na wanafunzi wa elimu peke yao. Makala hii inakusudia kuonesha namna familia ya kipato cha kawaida inavyoweza kupanga siku moja ya matembezi kando ya maji katika mkoa wa Njombe, ikianzia Makambako, bila kupoteza swala, bila kula cha shaka, na bila kuhatarisha maisha ya mtoto.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelizoea jambo hili. Huko Ufaransa, katika mito kama Dordogne na Ardèche, familia hukodi mitumbwi myepesi asubuhi, zikateremka na mkondo hadi kituo kilichopangwa, kisha gari likazirudisha zilikoanzia. Uzuri wa siku ile hautokani na bahati. Kabla ya kushika kafi, mtu huulizwa kama anajua kuogelea. Huvishwa jaketi la kujiokolea. Chakula na nguo kavu hutiwa katika chombo kisichopenyeza maji. Na saa ya kufika hujulikana mapema. Mito sisi tunayo, na mingine ni mikubwa kuliko hiyo. Kinachotupungukia mara nyingi ni mpango.

MAKAMBAKO, NJIA PANDA YA KUSINI

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mafinga hufika hapo na kugawanyika: mkono mmoja huelekea Mbeya na mpaka wa Zambia, na mwingine hushuka kusini kwenda Njombe na Songea. Hapo pia pana stesheni ya reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Mwenye kutoka Pwani, Mbeya au Ruvuma, wote hukutana Makambako. Ndiyo maana mji huu unafaa kuwa mahali pa kulala, hasa kwa ndugu wanaotoka pande mbalimbali na kutaka kukutana.

Anayependa kusafiri kwa treni ana faida moja ambayo msafiri wa basi haipati. Reli hiyo huvuka bonde la Kilombero, kisha kutoka Mlimba huanza kupanda milima kwa mahandaki na madaraja mengi mpaka Makambako. Kwa hiyo abiria huwa anapanda kinyume cha mwelekeo wa maji: anaanzia kwenye tambarare ambako maji ya Njombe huishia, na kufika juu yanakotoka. Mzazi mwenye ramani ndogo mkononi anaweza kuwafundisha watoto jiografia kwa safari moja. Ni vyema, hata hivyo, kuuliza ratiba stesheni siku kadhaa kabla, na kutopanga jambo la lazima katika siku ile ile ya kuwasili.

Kutoka Makambako hadi mjini Njombe ni takribani kilomita 60 kwa barabara ya lami. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Iringa. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mgeni wa Tanga, Unguja au Dar es Salaam hulihisi mwilini. Usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mtoto aliyezoea kulala kwa shuka moja ahitaji sweta, soksi, kofia na blanketi zito. Familia isiyojiandaa kwa baridi haitayaona maporomoko wala misitu. Itaona kuta za chumba cha kulala wageni.

MAJI YANAKWENDA WAPI

Pembezoni mwa mji wa Njombe, upande wa barabara itokayo Makambako, yapo maporomoko ya Luhuji. Mto hushuka juu ya miamba kwa kishindo, ukarusha mvuke wa maji unaolowesha majani ya kando. Hakuna haja ya safari ndefu ya miguu, na kwa sababu hiyo hata bibi na mtoto mdogo wanaweza kufika mahali pa kuyatazama.

Watoto watauliza, na wana haki ya kuuliza: je, hapa tunaweza kupanda mtumbwi? Jibu ni hapana. Mito ya nyanda za juu ina miamba, miteremko na maji baridi sana. Si mahali pa chombo wala pa kuogelea. Mitumbwi ni ya huko chini. Maji haya ya Luhuji, ambayo katika ramani nyingi huandikwa Ruhudji, husafiri hadi bonde la Kilombero, ambako wavuvi hutumia mitumbwi ya magogo katikati ya viboko na mamba. Kilombero hukutana na Luwegu na kuufanya mto Rufiji, na Rufiji hupita katika Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa lizalishe megawati 2,115 za umeme, kabla ya kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia.

Hebu mzazi aliseme hilo kwa mtoto hapo hapo maji yanaponguruma. Tone analoliona likiruka juu ya jiwe laweza kuwasha taa ya madrasa yake, kisha likamwagika katika bahari ile ile anayoiona akiwa Kigamboni au Forodhani. Na si mto huo mmoja tu. Kutoka milima ya Kipengere, magharibi mwa mkoa, maji mengine huteremkia mashamba ya mpunga ya Usangu, yakaingia Ruaha Mkuu na kuzungusha mitambo ya Mtera yenye megawati 80 na ya Kidatu yenye megawati 204, kisha nayo yakaungana na Rufiji. Mto Ruhuhu umeshika njia yake mwenyewe, ukaingia Ziwa Nyasa kule Manda, wilayani Ludewa. Maji ya ziwa hilo hutoka kwa mto Shire na kufika Zambezi, yakaishia katika pwani ya Msumbiji. Mvua iliyonyesha katika mkoa mmoja hugawanywa riziki kwa mataifa. Mwenye kutafakari hahitaji hotuba ndefu juu ya uwezo wa Mgawaji.

MPANGO WA SIKU

Wakati mzuri kwa familia yenye watoto ni Juni. Mvua, ambazo huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, zimekwisha. Mito bado ina maji ya kutosha. Barabara za vumbi zimekauka. Na shule zimefungwa. Desemba nayo ni likizo, lakini mawe ya mtoni huteleza, mito huweza kujaa ghafla, na ukungu huficha njia.

Siku ianze kwa swala ya Alfajiri mjini Makambako. Baada ya uji wa moto, gari liondoke kati ya saa moja na saa moja na nusu, jua likiwa limekwisha chomoza. Njiani yatazamwe mashamba ya viazi mviringo na mahindi, miti ya misindano na mikaratusi, na magari ya mbao. Familia ifike maporomoko ya Luhuji kabla ya saa tatu na nusu, wakati jua limeanza kupasha joto. Saa moja na nusu pale yatosha.

Kutoka hapo, iendelee kwenye mandhari ya mashamba ya chai ya Kibena na misitu ya miwati. Miti hii ililetwa kwa ajili ya magamba yake, ambayo hutumika katika kulainisha ngozi, na kampuni ya miwati ya Njombe imekuwapo tangu mwaka 1949. Mashamba ni mali ya watu, kwa hiyo yatazamwe kutoka barabarani, na mwenye kutaka kuingia au kupiga picha aombe idhini kwanza.

Kuanzia saa sita mchana familia iwe mjini Njombe kwa ajili ya Adhuhuri na chakula. Alasiri ya mapema iwe ya sokoni: viazi, parachichi, matufaa na mboga za nchi ya baridi. Kila mtoto apewe fedha kidogo anunue kitu kimoja na amuulize muuzaji kimelimwa wapi. Saa kumi na moja isifike kabla ya gari kuondoka, ili Magharibi iwakute Makambako na dereva asikimbizane na giza katika barabara yenye malori.

Familia yenye siku ya pili inaweza kwenda Makete, kilomita zaidi ya 100 kutoka Njombe, na kuipanda nyanda ya Kitulo. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, ikiwa ya kwanza katika nchi za tropiki za Afrika kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji wameiita Bustani ya Mungu. Maua yake, yakiwemo makumi ya aina za okidi, huchanua majira ya mvua, kati ya Novemba na Aprili. Mwendaji wa Juni ataona majani, upepo na anga. Na aliyeweka nadhiri ya mtumbwi, subira yake imwelekeze Matema, wilayani Kyela, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa chini ya milima ya Livingstone. Huko mitumbwi ipo, lakini hiyo ni safari nyingine na mpango mwingine.

SWALA, CHAKULA NA ADABU ZA UGENI

Njombe iko magharibi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya nyuzi nne za longitudo. Kwa hiyo Adhuhuri ya Njombe huchelewa kwa takribani dakika 18, na nyakati nyingine nazo hutofautiana kwa kiasi kinachokaribia hicho. Atakayefuata jedwali la Dar es Salaam anaweza kuswali Magharibi kabla ya jua kuzama, na kama amefunga sunna, kufuturu kabla ya wakati. Kibla huku ni kaskazini, kikielemea kidogo mashariki. Mwenye kutoka Njombe kurudi Makambako huwa anaelekea huko kwa jumla.

Suala la kupunguza swala linahitaji uangalifu. Familia iliyotoka Dar es Salaam ni wasafiri bila shaka, na ruhusa zao zinajulikana kulingana na siku watakazokaa. Lakini mkazi wa Makambako anayekwenda Njombe na kurudi hajafikia, kwa kauli ya wanazuoni wengi, masafa ya kilomita themanini na ushei yanayoruhusu kukusuru. Huyo akamilishe swala zake. Akienda Makete, hukumu hubadilika. Kila mmoja amuulize sheikh wake kabla ya safari, kwa kuwa ubishi wa fiqhi ndani ya gari lililojaa watoto huharibu swala na matembezi kwa pamoja.

Maji ya udhu asubuhi huko ni ya baridi kali. Kuyavumilia kuna ujira, na kuchemsha birika moja kwa ajili ya wazee na watoto ni katika wema. Ukitawadha kando ya mto, kumbuka kuwa tumefundishwa kutofanya israfu ya maji hata mbele ya mto unaotiririka. Hapo ndipo mahali pa kulifahamu fundisho hilo kwa macho.

Waislamu wa Njombe si wengi, na ufugaji wa nguruwe ni jambo la kawaida. Katika baadhi ya sehemu za kuchoma nyama, aina mbili za nyama zaweza kupita juu ya moto mmoja na kukaangwa kwa mafuta mamoja. Kuuliza si utovu wa adabu, maadamu swali limeulizwa kwa upole. Njia nyepesi ni kuwatafuta ndugu wa msikiti wa mjini, kuwasalimia na kuwauliza wao hula wapi. Salamu hiyo ina faida kubwa kuliko mlo wenyewe: jamaa walio wachache hufarijika wanapoona safu yao ya Adhuhuri imeongezeka.

Pia wapo wenyeji wakarimu watakaokukaribisha ulanzi, utomvu wa mianzi unaogemwa majira ya mvua. Hugemwa ukiwa mtamu, lakini huchacha kwa muda mfupi na kuwa pombe. Kwa sababu mgeni hawezi kujua saa yake, usalama ni kuuacha wote. Shukuru, eleza kuwa dini yako haikuruhusu, na uombe chai. Mbena hatakuona una kiburi. Atakuona una msimamo. Vivyo hivyo, ukitajiwa Nyumba Nitu, msitu na mapango yanayoheshimiwa katika mila za Wabena, unaweza kusikiliza historia yake kwa heshima bila kushiriki tambiko lolote.

MTOTO NA MAJI

Hapa ndipo mpango wote unapopimwa. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia, na maporomoko hayamjui mtoto wa nani. Kabla ya kushuka garini, kila mtoto mdogo akabidhiwe kwa mtu mzima mmoja anayetajwa kwa jina: Juma yuko na baba, Zainabu yuko na shangazi. Mtoto aliye wa watu wote huwa hana mtu. Asikanyage mtu jiwe lililolowa wala lenye ukoka wa kijani. Asiingie yeyote majini, hata kwa ajili ya picha. Na simu ya mkononi ikae mfukoni kwa yule mwenye zamu ya kuangalia.

Ipo kauli mashuhuri inayonasibishwa na Sayyidna Umar (R.A.) inayowataka wazazi kuwafundisha watoto kuogelea. Wengi tunaisoma katika hutuba na kuiacha mimbarini. Watoto wetu wa kike, hasa, hukua kando ya bahari bila kujua kuelea, kwa kuwa hatukuwatafutia mahali pa sitara na mwalimu mwanamke. Safari ya Njombe ikiamsha swali hilo nyumbani, itakuwa imelipa nauli yake. Na siku mtakapopanda mtumbwi Nyasa au Kilombero, sharti liwe moja: pasipo na jaketi la kujiokolea kwa kila kichwa, hapana safari, hata kama fedha imekwisha tolewa.

Naye mama apumzike. Chakula cha mchana kinunuliwe au kipikwe usiku uliotangulia kwa mikono ya wote. Wavulana wabebe makapu na waoshe vyombo. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa katika huduma ya watu wa nyumbani kwake, na matembezi ambayo mmoja anatumika na wengine wanastarehe hayafanani na sunna hiyo.

AMANA YA MTO

Mwisho, tusiache nyuma yetu mifuko, chupa wala haja. Mtume (S.A.W.) alituonya vikali juu ya kuchafua vyanzo vya maji, njia na vivuli vya watu. Sheria ya nchi nayo, ile ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, imekataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Siku hizi parachichi na mbao zina soko, na wengi wetu tulioko mijini tunanunua mashamba Njombe kwa njia ya simu bila kuyaona. Mwenye shamba huko aitumie siku hii kwenda kupima kwa miguu yake umbali kati ya mti wake wa mwisho na maji. Akikuta ameingia ndani ya hizo mita 60, arudi nyuma, kwani walio chini ya mto, kutoka Kilombero hadi Rufiji, wana haki katika kila tone linalopita hapo.

Tunamuomba Allah (S.W.) awajaalie wasafiri wetu salama ya kwenda na kurudi, na azifanye safari zetu kuwa sababu ya kumjua na kumshukuru. Wabillahi tawfiq.